Picha iling'aa, dawa haikuwamo

Naandika haya kwa ajili ya mfamasia, mkemia au daktari kijana aliyepata nafasi ya kusoma uzamivu kwenye vibebeo vya nano vya saratani, yaani vifuko vidogo mno, vile vinavyotakiwa kufanya kazi mbili kwa mpigo: kupeleka dawa kwenye uvimbe, na kuonyesha kwa picha kwamba imefika. Njia hiyo nimeipita. Nilitoka famasi ya hospitali Dar es Salaam, nikaenda Ujerumani, nikarudi na shahada. Sehemu kubwa ya tabu niliyoipata huko ingeepukika kama ningepata mtu wa kunikalisha chini kabla sijaondoka.

Kama huna muda wa kusoma yote, chukua hili: kinachoonekana kwenye picha ni ile alama, yaani rangi au metali yenye mionzi, uliyoifunga kwenye kibebeo. Dawa yenyewe huioni. Mambo mengi yaliyonisumbua yalitoka hapo.

Kilichonipeleka ni doksorubisini. Kila aliyewahi kuchanganya dawa za saratani anaijua: nyekundu, kali, na ina mpaka. Mgonjwa akishapokea kwa jumla kama miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili wake, hatari ya moyo kushindwa kazi inapanda kiasi kwamba daktari hulazimika kuiacha hata kama bado inamsaidia. Mama yangu mdogo alitibiwa nayo saratani ya titi. Uvimbe ulipungua, tukashukuru. Lakini kwa muda mrefu baada ya hapo, akitoka kituo cha daladala kwenda nyumbani kwake Magomeni, ilimbidi apumzike njiani. Mimi niliyejua sababu nilikuwa natembea naye polepole bila kusema kitu.

Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha Doxil. Ni doksorubisini ileile, ila imefungwa ndani ya liposomu, yaani kifuko cha mafuta chenye upana wa nanomita 80 hadi 100 hivi, kilichovikwa nyuzi za polima iitwayo PEG ili ini na wengu visikimeze upesi. Ikiwa humo ndani, dawa inakaa kwenye damu siku kadhaa na inaugusa moyo kidogo zaidi. Ugonjwa wa kwanza iliyoidhinishiwa ni saratani ya Kaposi kwa watu wenye UKIMWI. Ugonjwa huo hatuhitaji kusimuliwa sisi wa Afrika Mashariki. Tumeuona kwenye miguu na nyuso za watu wetu. Doxil yenyewe, hata hivyo, sikuwahi kuiona kwenye kabati letu la dawa. Niliisoma tu.

Hoja ya kuongeza picha ilinishika moyo kwa sababu inaeleweka. Mwaka 1986 Matsumura na Maeda, watafiti wa Japani, walieleza kwamba mishipa ya damu ndani ya uvimbe huvuja, kwa hiyo vitu vikubwa hupenya na kubaki humo kwa kuwa limfu haivitoi vizuri. Lakini kila uvimbe unavuja kwa kiwango chake. Pale hospitali ya Hammersmith, London, liposomu zenye PEG na indiamu-111, metali yenye mionzi, zilipigwa picha kwa wagonjwa 17, matokeo yakachapishwa 2001. Uvimbe wa kichwa na shingo ulipokea kwa wastani asilimia 33 ya dozi kwa kilo moja ya uvimbe, wa titi takriban asilimia 5. Sasa fikiria daktari anayeweza kupiga picha kwanza, akamjua mgonjwa ambaye uvimbe wake unapokea, na akamwepusha yule mwingine na miezi ya dawa isiyofika. Kwa nchi yenye bajeti finyu hilo lina uzito mkubwa kuliko hata kwa matajiri. Hiyo ndiyo ndoto niliyopanda nayo ndege, na bado naamini ina maana.

Mradi nilioukuta ulikuwa umeshaandikwa na kupata fedha. Liposomu ilitakiwa ibebe vitu vinne: doksorubisini ndani, rangi inayong'aa kwa mwanga wa infraredi kwenye utando, molekuli ya deferoksamini iliyoshika zirkonia-89, metali yenye mionzi, kwa ajili ya picha za PET zinazoonyesha mionzi hiyo ilipo mwilini, na kingamwili ya kutafuta HER2, protini iliyopo kwa wingi kwenye baadhi ya seli za saratani. Kwenye mchoro wa pendekezo ilipendeza sana. Nakushauri uutazame mchoro wa namna hiyo kwa jicho la mfamasia: kila kinachobandikwa kwenye utando kinaulegeza au kuubana, na hakuna kinachobandikwa bure.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya furaha. Kutengeneza liposomu ni kazi ya mikono, inafanana na ufamasia wa zamani. Unayeyusha mafuta na kolesteroli, unakausha mpaka yawe utando mwembamba ukutani mwa chupa, unalowesha kwa maji yenye chumvi ya salfeti ya amonia, kisha unasukuma mchanganyiko kwenye chujio lenye matundu ya nanomita 100, mara nyingi, mpaka vifuko vyote vilingane. Ukitumia mafuta magumu kama yale ya Doxil, ambayo hulainika kwenye nyuzi joto 50 na kitu, usukume kwa nyuzi 60 au zaidi. Chini ya hapo utavunja mikono na chujio. Baada ya hapo unaondoa salfeti ya nje, unaingiza doksorubisini, nayo inavutwa ndani na kuganda kama fuwele. Liposomu moja ya aina hiyo inabeba molekuli za dawa zipatazo elfu 10 hadi 15. Mara ya kwanza nilipoona rangi nyekundu yote imeingia na maji ya nje yamebaki meupe, nilimpigia mama yangu simu.

Jambo moja dogo la kukuepusha na hasara: usigandishe liposomu. Friji la nyuzi 2 hadi 8, mbali na ukuta wa nyuma. Barafu inapasua utando, na ukiyeyusha chupa inaonekana nzima kabisa, ilhali dawa iko nje.

Halafu kikaja kipindi cha kungoja. Huwezi kumdunga panya huko bila kibali, na ni haki iwe hivyo. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2010 inazitaka mamlaka zijibu ndani ya siku 40 za kazi baada ya kupokea maombi yaliyokamilika. Neno zito hapo ni "yaliyokamilika". Maombi yanarudi na maswali, unajibu, yanarudi tena: kwa nini panya idadi hiyo na si wachache zaidi, utajuaje anaumia, utamwondoaje kwenye maumivu. Juu ya hapo kuna kozi ya kushika wanyama, na kozi ya kinga dhidi ya mionzi kabla hujapewa beji ya kupimia mionzi ya kuvaa kifuani. Wakati huo wote ufadhili unahesabu siku zake. Ufadhili una tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo haisogei kwa sababu kibali kimechelewa. Anza kuandika maombi ya wanyama wiki ya kwanza uliyofika, hata kama liposomu yako bado haipo. Na kozi zote mbili zifanye wakati unangoja. Wenzangu waliosubiri mpaka kemia ikamilike walimaliza fedha kabla ya kazi.

Nikiri pia kuhusu wanyama wenyewe, maana hakuna aliyenitayarisha. Nililelewa kuona kuku na mbuzi wakichinjwa, nikadhani nitastahimili. Kumshika kiumbe mdogo ambaye umemwotesha uvimbe wewe mwenyewe ni jambo tofauti. Kuna jioni nilitoka pale nikashindwa kula. Kilichonisaidia ni kuongea na daktari wa mifugo wa pale, ambaye hakunibeza hata kidogo, na kujua kwamba picha zinapunguza idadi ya wanyama: panya yuleyule unaweza kumpiga picha leo, kesho na keshokutwa, mahali ambapo zamani kila saa ya kipimo ilihitaji kundi lake la kuuawa. Hiyo ni faida ya kweli ya kazi hii na inastahili kutajwa.

Kuhusu fedha za isotopu, yaani hizo alama zenye mionzi. Zirkonia-89 hupungua nusu kila baada ya saa 78 na ushee, ndiyo maana inafaa liposomu zinazozunguka siku mbili tatu. Shaba-64 inapungua nusu kwa saa 12.7, inafaa picha za siku moja au mbili. Florini-18 ya hospitali, yenye dakika 110, itakuwa imekwisha kabla liposomu yako haijafika popote. Linganisha muda wa isotopu na muda wa kibebeo kwenye damu kabla ya kitu kingine chochote. Halafu ujue kwamba kila kifurushi kinachofika kina thamani inayoyeyuka kwenye kabati la madini ya risasi la kuzuia mionzi. Oda moja ilikuwa na bei iliyozidi mshahara wangu wa mwezi mzima nilipokuwa mfamasia. Siku mashine ya PET ilipoharibika asubuhi ya kupokea mzigo, fedha ile ilikwenda bila hata picha moja, na kwa mtu anayetoka kwetu ni vigumu kutoifikiria fedha hiyo kama vitanda, kama dripu, kama nauli za wagonjwa. Mkubaliane mapema na watu wa kitengo cha tiba ya nyuklia: mashine ikikwama, nani ana mashine nyingine, na panya gani mbadala wako tayari.

Sasa nifike kwenye picha yenyewe.

Siku ya tatu baada ya sindano, uvimbe kwenye bega la panya uling'aa vizuri kabisa. Kundi zima lilikusanyika kwenye skrini. Profesa alifurahi, mtu akasema picha hiyo iende kwenye jalada la jarida. Aliyekuwa kimya ni mzee mmoja, mwanafizikia wa kitengo cha picha aliyekaribia kustaafu. Aliniuliza taratibu kama nimetazama magoti. Nikatazama. Magoti yote mawili yalikuwa yanang'aa, na mabega, na uti wa mgongo.

Zirkonia ikishajitoa kwenye deferoksamini hukimbilia kwenye mifupa. Kwa hiyo mifupa ikiwaka, sehemu ya alama imeshajitenga na kibebeo, ama kwenye damu, ama baada ya ini kukivunja kibebeo na kuachia metali. Mzee yule alinieleza hayo bila kunionyesha kwamba najua kidogo, na akanishauri nipime dawa yenyewe. Nilichukua uvimbe, nikausaga, nikatoa doksorubisini na kuipima kwa kromatografia, mashine inayotenganisha kemikali na kuzipima. Alama ilikuwa imepanda kutoka siku ya kwanza hadi ya tatu. Dawa ilikuwa imeshuka kutoka saa za mwanzo, na siku ya tatu ilikuwa kidogo mno. Uvimbe ulikuwa umejaa maganda matupu.

Mtu akituma lori la mzigo kutoka bandari ya Dar kwenda Lubumbashi na akawa analifuatilia kwa simu ya dereva, anaweza kuona simu imefika Lubumbashi huku mzigo ulishushwa Morogoro. Sisi tulikuwa tunaifuatilia simu.

Kilichofanya dawa imwagike njiani kilijulikana baadaye. Ili rangi na kingamwili vikae vizuri kwenye utando, mafuta laini zaidi yalikuwa yamechaguliwa tangu pendekezo lilipoandikwa. Kwenye bafa, yaani maji ya chumvi ya maabara, liposomu zile zilishika dawa wiki nzima. Kwenye seramu, yaani maji ya damu yasiyo na seli, kwa nyuzi 37, zilianza kuvuja ndani ya saa chache, kwa sababu protini na lipoprotini, chembe zinazobeba mafuta kwenye damu, huchomoa mafuta kutoka kwenye utando na kuacha nafasi. Rangi za infraredi za aina ile nazo zinaweza kuhamia kwenye lipoprotini na kuendelea na safari zake. Kwa maneno mengine, ndani ya mnyama mmoja kulikuwa na safari nne tofauti, za vitu vinne ambavyo kwenye mchoro vilichorwa kama kitu kimoja.

Kuna mtego mwingine wa doksorubisini ambao wengi wananaswa nao. Dawa hii inang'aa yenyewe ikipigwa mwanga wa bluu, kwa hiyo watu hufikiri hawahitaji alama nyingine. Lakini ikiwa imebanana ndani ya liposomu, mng'ao wake unazimika, unawaka inapoachiwa. Hivyo darubini inaweza kukuonyesha giza mahali penye dawa nyingi iliyofungwa, na mwanga mahali penye dawa kidogo iliyo huru. Ukisoma makala yenye picha za seli nyekundu nzuri, tafuta kama walipima pia kiasi cha dawa kwa njia nyingine. Wengi hawakupima.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyokuwa migumu. Ilikuwa baridi, jua linazama saa kumi jioni, na mimi nilikuwa na matokeo yanayosema mradi uliogharimiwa haufanyi kazi kama ilivyoandikwa. Niliogopa kumwambia profesa. Nilisali sana. Nilipomwambia, alikaa kimya, kisha akauliza swali ambalo tangu siku hiyo nalibeba: kama picha ingekuwa sahihi, daktari angefanya nini tofauti siku inayofuata? Tulijibu kwa dhati, tukaona vitu viwili kati ya vinne havina kazi ya kumsaidia daktari huyo. Tukaondoa rangi. Tukaondoa kingamwili. Tukarudi kwenye mafuta magumu, na alama ya metali tukaiweka ndani ya kifuko pamoja na dawa badala ya kuibandika nje. Liposomu iliyobaki haikuwa ya kupeleka kwenye jalada la jarida. Ilishika dawa kwenye seramu, mifupa ikatulia, na kwenye grafu mstari wa alama na mstari wa dawa vikaenda pamoja kwa siku mbili za kwanza. Hiyo ndiyo tasnifu yangu.

Nilipokuja kusoma upya tafiti za wagonjwa nikiwa na macho mapya, nikaelewa mengi. MM-302 ilikuwa liposomu ya doksorubisini yenye vipande vya kingamwili vya HER2. Kwa wanawake 19 wenye saratani ya titi iliyosambaa, ilifungwa shaba-64 na kupigwa picha. Kiasi kilichofika kwenye vidonda vya saratani kilitofautiana mara zaidi ya thelathini, kutoka chini ya asilimia 1 hadi zaidi ya 18 ya dozi kwa kilo, na waliopokea zaidi walielekea kufanya vizuri zaidi kwenye matibabu. Kwa hiyo wazo la kuchagua wagonjwa kwa picha lilikuwa na ushahidi ndani ya binadamu. Lakini jaribio kubwa la dawa hiyo halikuwachagua wagonjwa kwa picha, na Desemba 2016 likasimamishwa kwa kuwa halikuonyesha dalili ya kuizidi tiba ya kawaida. Mpaka leo naumia nikilifikiria hilo: chombo cha kuchagulia kilikuwapo, na hakikutumika pale kilipohitajika zaidi.

Mwaka huohuo wa 2016, maabara ya Warren Chan ya Toronto ilikusanya tafiti za miaka kumi za panya na kuonyesha kwamba kwa kawaida ni asilimia 0.7 tu ya dozi ya nanochembe inayofika kwenye uvimbe. Sehemu kubwa ya zilizobaki humezwa na ini na wengu. Tena huyo ni panya. Panya wa gramu 20 mwenye uvimbe wa gramu moja amebeba saratani yenye uzito wa asilimia 5 ya mwili wake, sawa na kilo tatu na nusu kwa mtu wa kilo 70, na umekua kwa wiki chache tu, mishipa yake ikiwa imejengwa kwa haraka na kuvuja. Usimwahidi mgonjwa kitu kwa kuangalia bega la panya.

Wakati huohuo kuna miundo ninayoiheshimu sana, kwa sababu ndani yake picha na dawa zimefungwa kwenye tukio moja. Liposomu zinazofunguka kwa joto la nyuzi 40 hadi 42 zinaweza kubeba gadolinia, metali inayong'arisha picha za MRI, pamoja na doksorubisini. Zikiwa zimefungwa, maji hayaifikii gadolinia vizuri na MRI inaonyesha kidogo. Zikifunguka, vyote viwili vinatoka pamoja na mahali hapo panang'aa. Hapo mng'ao unakuambia kwamba mlango umefunguka, na hilo ndilo daktari analotaka kujua. Hata bila gadolinia, huko Oxford wagonjwa 10 wenye uvimbe kwenye ini walipewa ThermoDox, doksorubisini ndani ya liposomu za aina hiyo, kisha uvimbe ukapashwa joto kwa mawimbi ya sauti kutoka nje ya mwili. Watafiti walichukua vipande vya uvimbe na kupima dawa kabla na baada. Iliongezeka kwa wastani mara 3.7, wakachapisha 2018. Walipima dawa yenyewe kutoka kwenye nyama ya mgonjwa. Ndiyo kazi ninayowaonyesha wanafunzi wangu.

Kuna onyo moja la kitaalamu ambalo sikulikuta kwenye kozi yoyote, na linahusu hasa wazo la kupiga picha kwanza, kutibu baadaye. Kwa wanyama, dozi ndogo ya liposomu zenye PEG zisizo na dawa huuamsha mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya PEG. Dozi ya pili ikija baada ya wiki hivi, inaondolewa kwenye damu haraka mno. Yaani ile sindano ya kupigia picha inaweza kuharibu sindano ya kutibu. Doksorubisini yenyewe hupunguza tatizo hilo kwa kuziumiza seli za wengu zinazotengeneza kingamwili hizo, kwa hiyo ni salama zaidi kuweka alama kwenye dozi yenye dawa kamili. Kama pendekezo lako linataka kibebeo kitupu cha picha halafu cha dawa siku ya saba, liangalie upya kabla hujaanza. Na usisahau kwamba wapo wagonjwa wanaopata mshituko dakika za mwanzo za dripu ya kwanza, uso kuwaka, mgongo kuuma, pumzi kubana, na wengine viganja na nyayo huchubuka baada ya mizunguko kadhaa. Kifuko cha nano kinahamisha madhara, hakiyafuti.

Niliporudi nilikwenda kumsalimia mama mdogo. Nilimweleza yote kwa lugha ya kawaida, akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mwanangu, hiyo dawa ya picha itafika lini hapa kwetu?"

"Mama, bado. Inaweza kuchukua miaka mingi."

"Na ile ya kwenye kifuko, isiyo na picha?"

"Ile ipo duniani tangu 1995, mama. Tatizo ni bei, na kujua kama tunayoletewa ni nzima."

"Basi si uanzie hapo?"

Nilianzia hapo. Kiwanda kilichokuwa kikiitengenezea Marekani Doxil kiliposimamisha kazi mwaka 2011, dawa ikaadimika, na Februari 2012 Marekani yenyewe ikaruhusu Lipodox, nakala yake, iingizwe kutoka India. Tangu hapo nakala za dawa hii zimeongezeka, na huo ndio mlango wetu. Nakala ya liposomu haithibitishwi kwa kupima kiasi cha dawa peke yake kama kidonge. Unapima ukubwa wa vifuko, asilimia ya dawa iliyo nje, na kasi ya kuvuja kwenye seramu kwa nyuzi 37. Vipimo vilevile vilivyoniumiza Ujerumani ndivyo ninavyowafundisha vijana hapa, na vinaweza kufanyika kwa vifaa ambavyo chuo chetu kinaweza kuvipata. Kwa upande wa picha, kamera za gama na teknesia, isotopu inayopungua nusu kwa saa 6, ndivyo tutakavyovipata kwa urahisi zaidi huku kuliko PET ya zirkonia, kwa hiyo anayetaka utafiti wake utumike nyumbani aifikirie teknesia au indiamu mapema.

Ukiwa umepata barua ya kukubaliwa, mwandikie msimamizi kabla hujajibu ndiyo. Muulize ni swali gani la daktari ambalo picha hiyo italijibu. Muulize kama kundi lake limeshapima uvujaji kwenye seramu, na uombe kuona mstari huo, si wa bafa. Muulize kama wana kipimo cha alama huru iliyodungwa peke yake, ili ujue mifupa na ini vinang'aa kiasi gani bila kibebeo. Muulize maombi ya wanyama yako hatua gani na yanaisha lini. Muulize nani analipia isotopu mashine ikikwama. Na kama maabara yao haina kromatografia ya kupima dawa ndani ya tishu, uliza ni jirani gani anayo na amekubali kwa masharti gani, na jibu la hilo ulipate kwa maandishi kabla hujakata tiketi.